Besi Waliposhuka Kwenye La

Nilihamishiwa Kasulu kufundisha sekondari, nikitokea Tanga, na kwaya ndiyo iliyonipatia ndugu. Mwalimu wetu wa kwaya ni muuguzi, mama wa makamo mzaliwa wa Kitanga, kijiji cha hukohuko Kasulu, mpole hadi pale besi, waimbaji wa sauti nzito, wanapokosea.

Mkunga aliyewazalisha akina mama wengi wa kwaya yetu alipokaribia kustaafu, niliombwa kumtungia wimbo wa kumuaga. Kiitikio kilisema, "Umetupokea duniani, sasa nenda kapumzike." Nilikipigia gitaa kwa kodi tatu, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zilezile za kila wimbo, na silabi ya mwisho ikatua kwenye noti ya do, imetulia kabisa. Nilijisifu moyoni.

Mazoezini, kwaya ilipokiimba, mama yetu wa kwaya alisikiliza amefumba macho.

"Mwalimu, maneno mazuri. Ila mbona unamfukuza?"

"Namfukuza vipi, mama?"

"Unamwambia akapumzike, halafu kodi inafunga mlango! Kwani sisi tunataka aende?"

"Hatutaki."

"Ego," akasema, yaani ndiyo kwa Kiha. "Basi na wimbo usitake."

Akachukua gitaa. Sauti ya kwanza hakuigusa. Do ikabaki do ileile. Lakini chini yake aliwashusha besi mpaka la, sauti ya pili akaiweka kwenye mi, akapiga kodi ya maina, ile yenye huzuni. Nywele zilinisimama. Neno langu mwenyewe, lisilobadilika hata herufi, lilikuwa sasa linasema kitu ambacho mimi sikukisema. Tuliporudia kiitikio aliwaacha besi watue kwenye do, ndipo wimbo ukafika.

"Mara ya kwanza tunamkatalia," akasema. "Mara ya pili tunamruhusu."

Siku ya kuaga, mkunga alikaa mbele, na alikwisha kututangazia kwamba yeye si mtu wa kulia. Besi waliposhuka kwenye la, aliinamisha kichwa. Walipotua kwenye do, akainua uso, machozi yakimtiririka huku anatabasamu. Akainuka, akaja kusimama katikati ya sauti ya pili.

"Rudieni," akasema. "Na pale mnaponikatalia, nikatalieni kwa nguvu."

Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Nilimtazama mama wa kwaya, alikuwa amegeukia besi, ameinua mkono, anawasubiri wavute pumzi.

Tangu hapo, kila ninapotunga, nampelekea yeye kabla sijamwimbia mtu mwingine.