Boksi la Washa Vilema

Kabla sijafungua duka la vyuma hapa Garissa, nilikuwa nauza mbuzi. Mbuzi wa Idd akiwa na sikio lililopasuka hafai kuchinjwa, kwa hiyo jicho langu halipitwi na ufa.

Juzi Abdi, fundi wa jenereta ya kisima kule Diff, aliniagiza kwa simu washa za kuzuia nati zisilegee. Nikafungua boksi: kila washa imekatika upande mmoja! Nikamtumia za boksi jingine, zile bapa, nzima, zinazong'aa.

Leo kaingia dukani, mafuta hadi viwikoni. "Nati zote zimefunguka, pampu imesimama, ngamia wamelala na kiu!"

"Wallahi nilikuchagulia nzima!" nikafoka, nikimwaga zile zilizokatika kwenye kaunta ili wateja wote waone uaminifu wangu. "Mbovu hizi hapa! Mimi hata mbuzi wa Idd mwenye sikio kama hili nilikuwa namrudisha!"

Abdi akaokota moja, akaibana kwa nati kwenye bolti. Ikalala. Alipolegeza kidogo, ikainuka, ikaisukuma nati.

"Walaal, ndugu yangu, hii ni springi. Bila huo mkato, nati itashikwa na nini?"

Mama aliyekuja kununua misumari akaniuliza kwa upole, "Kwani wewe ulitaka kuzichinja?"