Dhahabu Chini ya Taa Nyeupe

Kaka yangu amewasha taa katika harusi nyingi ambazo hajawahi kuziona. Ndivyo kazi yetu ilivyo hapa Garissa. Anaingia ukumbini asubuhi ukiwa mtupu, anafunga taa juu ya jukwaa, anazielekeza kwenye kiti cha bibi harusi, anazijaribu kwa kutazama ukuta, kisha anatoka. Baada ya swala ya alasiri wanawake wanaingia, mapazia yanafungwa, na hakuna mwanamume atakayevuka mlango ule tena mpaka shughuli iishe. Mimi ndiye ninayebaki ndani na kisanduku cha kuendeshea taa magotini. Simu zenye kamera huachwa mlangoni, ndani ya beseni. Mimi naruhusiwa kabambe, ile simu ya vibonyezo isiyopiga picha, ili kitu kikiharibika nimpigie yeye aliyekaa nje kando ya jenereta.

Msimu ule alikuwa amenunua taa mpya za LED. Za zamani zilikuwa na balbu zilizotoa joto kama jiko, na Garissa haihitaji kuongezewa joto. Wanja ulikuwa ukimchuruzika bibi harusi kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Hizi mpya hazikuunguza, na ziliwaka kweli. Alizichagua kwa kipimo kimoja tu, ukali wa mwanga. Alizielekeza kwenye ukuta mweupe, akafinya macho, akacheka.

"Abaayo, hata Dadaab wataiona hii." Kwetu abaayo ni dada; mimi humwita yeye walaal, ndugu.

Na mimi nikacheka. Ulikuwa ukuta mweupe tu, hauna sura ya mtu wala rangi ya nguo. Hatukufikiri kuuliza taa zile zingefanya nini juu ya ngozi, hariri au dhahabu.

Bibi harusi siku hiyo alikuwa rafiki yangu wa mtaa wa Waberi, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la nne. Ndoa ilikuwa imefungwa asubuhi na wanaume. Kesho yake angehamia Wajir, nyumbani kwa mama mkwe, kwa kuwa mumewe ni mfanyabiashara wa mifugo na hushinda njiani zaidi ya nyumbani. Wiki nzima rafiki yangu hakunizungumzia mume. Alinizungumzia mama mkwe.

"Huyo ndiye nitakayeishi naye," aliniambia akipakwa hina. "Akinipenda, nimeolewa. Asiponipenda, nimefungwa."

Basi ikafika saa ya kuonyesha dhahabu. Kwetu mama wa bwana harusi huja nayo mwenyewe mbele ya wanawake wote. Hufungua kisanduku jukwaani, huinua kila pambo watu walione, ndipo humvisha mkwe wake. Mama yule alikuwa mrefu, mkimya, amevaa dira, gauni letu pana jepesi, ya rangi ya zabibu, na alipopanda jukwaani nikasukuma vitelezi vyote vya kisanduku cha taa juu mpaka mwisho. Nilitaka kumheshimu. Mwanga ukamwagika.

Akainua mkufu mpana wa kifuani. Vigelegele vikaanza upande wa nyuma, vikafifia vilipokaribia mbele.

Niliuona mkufu ule. Ulikuwa na rangi ya nyasi zilizokauka, njano iliyochanganyika na kijani cha mbali, bila uhai. Nikatazama uso wa rafiki yangu, nao ulikuwa wa majivu. Hina iliyokuwa nyekundu asubuhi ilikuwa nyeusi kama grisi mikononi mwake.

Habaryar yake, mdogo wa mama yake, ndiye aliyesogea. Mwanamke yule anauza nguo sokoni, na ulimi wake unajulikana kuliko duka lake. Akaushika mkufu kwa vidole viwili.

"Wallahi, hii ni ya kupaka," alisema, si kwa sauti ya chini. "Mtoto wetu anavishwa dhahabu ya kupaka."

Nikasikia jenereta huko nje. Mama wa bwana harusi alikunja midomo, akaanza kukirudisha kitambaa juu ya kisanduku, polepole, kona moja baada ya nyingine. Nyuma yake dada zake waliotoka naye Wajir walianza kutafuta viatu vyao kwa miguu.

Rafiki yangu alinitazama. Hakunitazama kama mwenye taa. Alinitazama kama mtu anayezama.

Kuna mtu pembeni yangu alinong'ona, "Si waipeleke nje, juani, waione?" Lakini kuipeleka dhahabu nje kuipima ni kumwambia mama yule usoni kwamba ni mwongo, na hata ikirudi ikiwa safi, neno lenyewe halirudi.

Nikapunguza mwanga. Nilidhani labda ni mkali mno. Dhahabu ikawa ileile, ila sasa ilikuwa mbovu gizani. Nikakumbuka taa ndogo za rangi zilizokuwa pembeni mwa jukwaa, nikapandisha nyekundu. Jukwaa zima likawa la waridi, na mkufu ukageuka rangi ya waya wa umeme uliochunwa.

"Haya, oneni!" habaryar akapaza sauti. "Sasa imekuwa shaba!"

Watu wachache wakacheka, kicheko kibaya. Nikairudisha nyekundu chini. Hapo ndipo habaryar alipounyoosha mkono wake kukionyesha kisanduku, mkono ukaingia katikati ya mwanga, na bangili zake mwenyewe, alizozivaa tangu tukiwa watoto, zikawa na rangi ya nyasi kavu vilevile. Aliporudi nyuma, kwenye balbu chache za kawaida za nyuma ya ukumbi, zikawa dhahabu tena. Yeye hakuona. Mimi niliona.

Nikamkaribia, nikamnong'oneza sikioni kwamba ni taa.

"Taa ni taa," akasema. "Mimi nina macho."

Nikampigia kaka yangu.

"Taa zako zinaua rangi," nilimwambia.

"Zimezimika?"

"Hazijazimika. Zinawaka sana. Dhahabu inaonekana ya kupaka, watu wa Wajir wanataka kuondoka."

"Punguza basi."

"Nimepunguza. Si wingi, walaal. Ni namna. Nyekundu haimo ndani yake."

Baadaye alikuja kunieleza alivyoelezwa na fundi mmoja: kwamba taa nyeupe ya LED huanza kama samawati, ikavikwa unga wa kuifanya nyeupe, na zilizotengenezwa kwa haraka hupewa nyeupe ya kutosha kudanganya ukuta, lakini nyekundu kidogo mno ya kuamsha ngozi, hina na dhahabu. Siku ile hakuna kati yetu aliyejua hayo. Nilikuwa na macho tu, na yeye alikuwa na masikio tu.

"Zile mbili za yule mpiga picha ziko kwenye gari?" nikauliza.

Alizinunua kwa mpiga picha aliyefunga studio yake. Nazo ni za LED, ndogo. Katika studio ile nilikuwa nimewahi kupigwa picha, na picha ilikuwa na sura yangu na rangi yangu halisi.

"Vile vibatari? Abaayo, ukumbi mzima utakuwa kama pango! Kesho mji wote utasema taa zangu ni mbovu."

"Kesho mji wote utasema rafiki yangu aliolewa kwa shaba. Leta."

"Hujui unaloniomba."

"Wanavaa viatu, walaal."

Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa.

Mama anayelinda mlango alipanua upenyo wa shubiri moja. Mkono wa kaka yangu ukaingia na taa moja, ukatoka, ukaingia na ya pili, uso wake ameugeuzia barabarani. Nilizibeba kifuani nikapita katikati ya viti, watu wakinivuta dira, "Nini tena? Nini tena?" Nikazichomeka kwenye ekstensheni chini ya jukwaa, moja kila upande wa kiti. Kisha nikazizima zile kubwa zote kwa pamoja.

Wanawake walipiga kelele. Mtu akasema "Subhanallah," mwingine akasema tumekatiwa. Kwa muda ule niliamini nimemaliza kila kitu: harusi ya rafiki yangu na kazi ya kaka yangu kwa kidole kimoja. Macho yaliyokuwa yamezoea ukali hayakuona chochote.

Halafu yakaona. Kwanza hina, nyekundu ya matofali, ikipanda kutoka kwenye vidole vyake hadi kiwiko. Kisha uso wake, wa kahawia yenye damu ndani, na michirizi miwili ya machozi ambayo mwanga mkali ulikuwa umeifuta. Dira ya mama mkwe ikawa zabibu kweli. Mwanga ulikuwa kidogo, na kila kitu kilikuwa ndani yake.

Mama wa bwana harusi alisimama na kisanduku kilichofunikwa. Alitazama mikono ya mkwe wake, akayatazama machozi yale kwa muda mrefu. Kisha akakifunua, akautoa mkufu, na hakuuinua. Akamkabidhi habaryar.

"Umesema ni ya kupaka," alisema kwa upole. "Mvishe wewe."

Habaryar akaushika. Akaugeuza. Dhahabu ilikuwa ya rangi ya asali nzito, hata mimi niliyekuwa chini niliiona. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Lakini alihangaika na kikulabu nyuma ya shingo ya mtoto wa dada yake, akakikosa, akakikosa tena, na hakuna aliyemsaidia.

Kilipofunga, mama mkwe akaketi kando ya rafiki yangu na kumfuta shavu kwa ncha ya shashi yake ya kichwani.

"Tunaondoka baada ya alfajiri, mwanangu," akasema. "Utakaa mbele na mimi, njia ina vumbi." Akatupa jicho kule habaryar alikosimama. "Na huyo habaryar yako asije kututembelea mwaka huu."

Rafiki yangu akacheka huku analia, na dada wa Wajir wakavirudisha viatu chini ya viti.