R ni Mfalme

Watu wengi wakipewa kete nyeupe humsukuma askari wa katikati hatua mbili, kama mtu anayefungua mlango kwa bega. Mimi humsogeza askari wa pili kutoka kushoto, hatua moja tu. Kisha askofu wa jirani anaingia kwenye nafasi aliyoiacha, anatulia, na kuanzia hapo anautazama ubao mzima kwa mshazari, mpaka pembe ya mbali ambako mfalme mweusi hupenda kujificha.

Nilianza kucheza hivyo Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, msimu mmoja wa maharage. Mpinzani wangu alikuwa jirani yetu Mrundi, katekista, aliyejifunza chesi kwa Kifaransa ujanani na kukariri mianzo ya katikati kama alivyokariri litania. Kila mara alinipiga kabla chai haijapoa. Nikatafuta mahali ambapo kumbukumbu yake haifiki, nikapaona pale pembeni.

Kwa majuma mengi nilishindwa kwa namna mpya. Nilijaribu kumtanguliza farasi, nikashindwa. Nilijaribu kumpeleka mbele askari aliye mbele ya askofu wa pili, nikashindwa vizuri zaidi. Kila jaribio nililiandika kwenye daftari kwa herufi alizonifundisha yeye: C ni farasi, T ni ngome, D ni malkia, R ni mfalme. Askofu alikuwa F, kwa sababu kwa Kifaransa kete hiyo huitwa fou, yaani kichaa.

“Kumbe Waingereza wamemvalisha kichaa kofia ya uaskofu,” katekista alisema siku aliyogundua hilo. “Nisiongeze neno. Jumapili nasoma masomo.”

Mama yangu, akichambua maharage kando yetu, alikuwa na maoni yake. “Uyu kichaa yako anakaa fasi moja tu. Maneno mingi, kazi hakuna.”

“Anangojea, mama.”

“Hata mgeni anangojeaka chakula.”

Katekista alinipa sharti moja tu: andika kwanza, halafu cheza. Mkono wangu ulikuwa na haraka kuliko kichwa, na kalamu iliupunguza mwendo. Siku niliyomshinda mara ya kwanza, kichaa alivuka ubao kwa mkupuo mmoja. Mama aliacha maharage yake akaja kuangalia, akauliza ni nani amekufa.

Nikasikia kwamba Mbarara, nyuma ya hoteli moja ya chai, kuna watu wanaocheza kila Jumamosi, wenye timu ya wanne, na kwamba nafasi ya nne iko wazi. Nilipanda baiskeli hadi Kaberebere, nikachukua gari. Nahodha wao, fundi wa simu mwenye vidole vyembamba, alinitazama nikifanya hatua yangu ya kwanza akacheka kwa upole.

“Nyabo, dada yangu, hii mwanzo gani? Unaingia kwa nyumba na dirisha?”

“Ni mwanzo wangu, ssebo.”

“Sawa. Ukinishinda, kiti ni yako. Nikikushinda, utatupa hii kitu, utacheza kama watu.”

Wenzake walisogeza viti. Nikakubali. Nisingepoteza kiti tu. Ningepoteza msimu mzima wa jioni zangu, na kitu pekee kwenye ubao ule ambacho sikukiazima kwa mtu.

Tulicheza kwa muda mrefu bila mtu kumzidi mwenzake. Malkia wangu alifika upande wa kulia, karibu na nyumba ya mfalme wake. Askari wangu wa pembeni kabisa kulia alikuwa ameshaliwa, kwa hiyo njia ile ilikuwa tupu, ikiingoja ngome yangu. Ila mfalme wangu mwenyewe alikuwa amesimama kati ya ngome na njia hiyo. Nikaona la kufanya: mfalme apande hatua moja kwa mshazari, ampishe ngome. Kama kawaida, niliandika kwanza. R, halafu jina la mraba. Kisha nikamsogeza mfalme.

Mkono wangu haujaiachia kete vizuri, nahodha alikuwa ameshajibu. Malkia wake alikwenda mbali kushoto akala askari wangu mmoja, bure kabisa, mfalme wake akabaki peke yake. Nilimwangalia. Naye aliangalia ubao, kisha karatasi yangu, kisha ubao tena, akajikuna sikio.

“Si uliandika ngome?” aliuliza taratibu. “R ni ngome, rook.”

“Kwetu R ni mfalme. Ngome ni T.”

Mzee mmoja aliyekuwa akimimina chai alielewa kabla ya wengine. “Banange, amesoma karatasi ya mtu, na amesoma vibaya.” Meza nzima ikaangua kicheko, na nahodha, kwa heshima yake, akacheka nao. Alikuwa amechungulia, akadhani ngome yangu inapanda mraba uleule, hatua ya polepole inayompa muda wa kula. Alijibu hatua ambayo sikuicheza.

Ushindi ulikuwa mkononi. Nilitaka kuuchukua, sitasema uongo. Lakini nilijua Juru nitaulizwa nini kilishinda, na jibu lingekuwa herufi.

“Rudisha malkia,” nikasema. “Cheza tena, ukiangalia ubao.”

Kicheko kilikatika. Nahodha aliniangalia kama anayetafuta mtego, kisha akarudisha. Safari hii alifikiri mpaka chai yake ikatanda ngozi juu. Akapata kinga nzuri: akamsogeza hatua moja askari wa pembeni aliyemlinda mfalme wake. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

Ngome yangu ikaingia njia tupu. Akajipanga. Nikaandika F.

Kichaa alitoka pembeni. Tangu hatua ya pili hakuwa ameguswa, na sasa alivuka ubao wote, akala askari aliyesimama mbele ya mfalme mweusi. Mfalme akamla, kwa kuwa hakuona pengine pa kushika. Malkia wangu akala askari wa pembeni. Mfalme akarudi nyumbani. Malkia akamfuata hadi mlangoni, ngome ikimlinda kwa nyuma, na hapakuwa na mraba hata mmoja wa kukimbilia.

Nahodha alimlaza mfalme wake kwa kidole. Akavuta kiti cha nne, akakipangusa kwa kiganja, akanisogezea. Kisha akaomba karatasi yangu ili ainakili.

“F ni nani?” akauliza.

“Ni kichaa.”

“Hapana, huyo ni askofu,” alisema, akaandika F.