Tambi za Theodory

Mwaka 1975 Bertilla alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mkazi wa kijiji kipya kilichopimwa kwa kamba kando ya barabara iendayo Sumbawanga. Alikuwa amehamishwa kutoka kitongoji cha Nsanzi. Lori lilipofika kuwachukua, mumewe Theodory alikuwa amelala akiugua kifua. Waliosimamia zoezi lile walisema kwamba mgonjwa atasubiri lori la pili, naye mkewe apande na vyombo. Lori la pili lilipofika, majirani wa mwisho walikuwa wamekwisha kumzika nyuma ya nyumba yake.

Sisemi kwamba shabaha ya vijiji vya ujamaa ilikuwa mbovu. Maji safi, shule na zahanati ni haki ya mkulima wa Ufipa kama zilivyo haki ya mtu wa mjini. Ninachokataa ni kumtenga mke na mume anayekata roho ili hesabu ya waliohamia ikamilike kabla ya ziara ya mkubwa fulani. Hadi leo sijasikia mtu hata mmoja akiulizwa habari za lori lile la kwanza.

Katika kijiji kipya, kila jua lilipozama, Bertilla alimsikia Theodory akikohoa nje ya mlango. Kilikuwa kikohozi kile kile cha siku zake za mwisho, kikavu, kisha kimya kifupi, kisha sauti ya mtu anayesafisha koo ili aombe kitu. Bintiye Albina, aliyekuwa akinyonyesha, alimwambia ni mbuzi wa jirani.

"Mbuzi gani huyo anayesafisha koo?"

Albina alimfunika mtoto wake kichwa. Jirani yao hakuwa na mbuzi.

Bertilla aliijua sababu. Katika ukoo wa Theodory, mtu akifa, mjane wake humpikia mlo wa kumuaga, juu ya mafiga ya nyumba aliyofia, na mwanamume mmoja hukaa mahali pake akala kwa niaba yake. Mlo huo Theodory hakuupata. Sasa ofisi ya kijiji ilikuwa imetangaza kwamba Jumatatu nyumba zote za Nsanzi zitabomolewa, nguzo zake zitumike kujengea ghala. Nyumba ikianguka kabla hajala, marehemu angebaki na njaa yake milangoni mwa watu, wala pasingekuwa tena na mahali pa kumlisha.

Kurudi mahameni kulikatazwa, na moshi wa Nsanzi ulionekana vizuri kutoka barabarani. Chakula hicho kilipaswa kuiva upesi. Tena ulezi wa kusonga ugali wa mlo huo hakuwa nao, kwa sababu waliwahamisha wakati wa kulima na kuwaambia chakula kitaletwa. Kwa hiyo Jumamosi alikwenda kwa miguu hadi Katandala, kwenye duka la Lukmani, akamkuta mkewe, Sophia, ameegemea kaunta.

"Unga wa ulezi upo?"

"Ulezi! Shoga, unga mimi mwenyewe nauota tu. Kuna sabuni na kuna tambi. Chagua, ila sabuni hailiki."

"Tambi zinapikwaje?"

"Zichemshe, mwaga maji, tia maziwa na sukari. Mwanamume akizila hizo hatoki nyumbani."

Bertilla alirudi nyuma hatua moja. "Maziwa hapana. Na maji simwagi."

"Makubwa! Unampikia nani huyo mwenye masharti?"

"Theodory."

Sophia alikuwa amesikia msiba ule. Aliacha kucheka. Bertilla akamweleza kwamba maziwa ni chakula cha ndama na watoto, na marehemu akionjeshwa maziwa hurudi kutafuta mtoto, naye nyumbani ana mjukuu mchanga. Maji ya mlo ule nayo hayamwagwi, maana kuyamwaga ni kumtupa mwenyewe nje.

"Basi zipike za chumvi," Sophia alisema kwa sauti ya chini. "Sufuria moja tu. Kaanga kila kitu humo humo, tia maji kidogo, tambi ziyanywe zenyewe. Usiende kando, zitashika chini." Akamfungia na dagaa wa Kirando katika karatasi, akakataa kupokea chochote kwa ajili yao.

Jumapili alasiri Bertilla aliingia katika nyumba yake. Nyasi za paa zilikuwa zimelala upande mmoja. Kitanda kilikuwa pale pale, na juu ya kamba zake kulikuwa na bonde la umbo la mtu aliyelala kwa ubavu. Alikipa kisogo, akawasha moto.

Alitia mafuta ya karanga, kitunguu, kisha zile tambi alizokuwa amezivunjavunja, akazigeuza mpaka zikawa rangi ya udongo. Alitia nyanya, dagaa waliokatwa vichwa, chumvi na karanga alizozitwanga nyumbani mpaka zikatoa mafuta. Akamimina maji yaliyofunika tambi tu, akafunika sufuria. Nyuma yake kamba za kitanda zililia, kama mtu anapoinuka. Hakugeuka. Alipofunua, maji yalikuwa yamekwisha na rojo la karanga limeshikana na kila uzi. Chakula kilikuwa tayari kabla kuni za kwanza hazijakatika.

Lakini bado hakuwa na mwanamume wa kukaa mahali pa Theodory. Wanaume wote aliowaomba walikuwa wameogopa mahabusu.

Mlangoni walitokea watu wawili: Ndugu Mbonile, ofisa kutoka Mbeya aliyesimamia uhamishaji, na mgambo wake Beda, kijana wa Kifipa.

"Shikamoo, mama," alisema Beda.

"Marahaba, mwanangu."

"Beda, tumekuja kumkamata au kumwamkia?" Mbonile aliingia akipepea moshi. "Mama, hujui kwamba hapa hapakaliwi?"

"Najua. Ndiyo maana sikuja kukaa. Nimempikia mume wangu, hakula siku mliyonichukua."

Mbonile alikitazama kitanda, akatazama kando haraka. "Ushirikina mtupu. Beda, mwaga hicho chakula juu ya moto, twende."

Beda aliiepua sufuria. Bertilla hakulia wala hakusihi. Alisema tu, "Ukimwaga, mwanangu, umemmwaga yeye."

Beda alisimama na sufuria mikononi. Kisha akavua kofia ya mgambo, akaiweka chini, akaketi kitandani, ndani ya lile bonde, akaanza kula.

"Beda! Nimekuamuru!"

"Nitakuja, Ndugu. Mzee akishiba."

Alikula mpaka tambi za mwisho, pamoja na zilizoshika chini. Mbonile alimsubiri nje; hakutaka tena kuingia.

Beda aliwekwa ndani kwa kuasi amri, akaachishwa umgambo. Jumatatu nyumba zilibomolewa, na nguzo zikaoza uwanjani, kwa kuwa ghala lile halikujengwa kamwe. Naliandika hili waziwazi ili atakayetaka kukanusha akanushe.

Na kikohozi? Nilimuuliza Bertilla nilipokwenda kijijini kwake kufundisha watu wazima kusoma. Alisema kilikoma jioni ile ile. Albina alifurahi, mtoto akalala vizuri, majirani wakaacha kuwahi kufunga milango. Lakini niliona kwamba jua lilipozama Bertilla aliwanyamazisha watu wote uani, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni, akakaa hivyo mpaka giza likaingia.

"Nilitaka ashibe, mwalimu," aliniambia. "Sikutaka aondoke."