Siku Bibi Alipotwanga Chainizi

Bibi yangu hakuwahi kutia chainizi mdomoni, lakini ubaya wake wote aliujua. Alisema ni majani yaliyojaa maji, ni mboga ya watu wavivu wa kutafuna, na kwamba mashina yake meupe yanamkumbusha miguu ya mtu aliyeshinda kwenye jaruba la mpunga. Aliyasema haya akiwa amekaa kwenye kigoda, analiangalia tuta langu nyuma ya nyumba yetu ya Katindiuka kama mtu anayeangalia kiwanja chake kilichovamiwa.

"Mume wangu," aliniambia siku moja, maana ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake tangu nikiwa mchanga, "hapo ndipo patafaa matembele yangu."

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nilimaliza darasa la saba, na nadhani walimu waliisikia sauti yangu wakati wa kuita majina tu. Lakini tuta lile nililima mwenyewe na maji ya kumwagilia nilichota mwenyewe. Wanawake walikuja mpaka kutoka Mlabani, wakanionyesha kwa kidole wanachotaka, nami nikakata. Maneno mengi hayakuhitajika. Pale nyumbani ndicho kitu pekee kilichokuwa changu.

Bibi aliona nimenuna, akanipa nafasi. "Jumapili nipikie hayo majani yako. Nikifuta sahani, tuta ni lako. Nikibakiza, Jumatatu unang'oa. Na usiniwekee samaki ndani ili kunidanganya."

Jumamosi jioni, jua lilipopoa, niliingia kuchagua. Wateja wengi hukimbilia chainizi kubwa, lenye majani mapana ya kujifunika mvua. Hilo limeshakomaa, shina lake lina nyuzi. Mimi nilichukua ya wastani, yale ambayo ukilivunja shina linalia. Yaliyoanza kutoa maua niliyaacha, yana uchungu. Matundu mawili matatu ya wadudu hayakunisumbua, kwa sababu mdudu naye anachagua.

Sikuyaosha. Ukiyaosha ukayaweka, asubuhi unakuta utelezi. Nilikung'uta udongo tu, nikayaviringisha kwenye vipande vya khanga nilivyolowanisha na kukamua, nikayalaza kwenye kapu nyuma ya mtungi wa maji, mahali ambapo sakafu haipati joto. Nilifunga mafungu mawili. Moja la kupika na moja la tahadhari, maana namjua bibi.

Jumapili tulipotoka kanisani niliosha fungu la kwanza, nikatenga mashina na majani, nikakata. Nikawasha mkaa. Mafuta yakawa hayatoshi, nikakimbia dukani. Niliporudi nilisikia mchi kabla sijafika uani.

Bibi alikuwa bado amevaa gauni la kanisani. Ndani ya kinu, chainizi langu lote lilikuwa limegeuka uji wa kijani.

"Nakusaidia," alisema bila kuinua kichwa. "Ulitaka kupika kisamvu bila kutwanga?"

"Si kisamvu, bibi."

"Majani ni majani."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au ujanja. Alimimina kwenye sufuria, akaongeza maji, akafunika, akaliacha lichemke kama kisamvu kinavyochemka. Alipofunua, kilichobaki kilikuwa maji ya kijani yenye nyuzi zinazoelea.

"Pakua tule," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuyaona matembele yake yanatambaa.

Hapo jirani akapiga hodi. Ni mama wa Kisukuma anayetuletea maziwa, na yeye na bibi hawaonani bila kutaniana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na bibi, kwa mazoea, akamkaribisha chakula. Jirani alichovya tonge la ugali, akatafuta kitu cha kutafuna, hakukiona.

"Mama," alimwambia bibi kwa upole, "hiki kwetu tunamnywesha ndama."

Bibi akaninyooshea kidole. "Mpishi ni mume wangu huyo."

"Pole, kijana. Kwa mboga hii utaishia kuoa huyu huyu bibi yako."

Masikio yalipata moto. Niliangalia sakafu, nikasema, "Mimi nilikata tu. Bibi ndiye aliyetwanga."

Jirani aliweka chini dumu la maziwa. "Umetwanga chainizi, mama?"

"Kwani kisamvu hakitwangwi?"

"Kisamvu." Alianza kucheka, akashindwa kumaliza. "Ngoja nifike Lumemo. Leo maziwa nitayauza na habari juu yake."

Inabidi nieleze kwamba bibi ndiye anayeitwa kusimamia masufuria, iwe harusi, iwe msiba. Habari ile ingemvunjia heshima.

"Kaa chini," alimwambia jirani. "Hujala bado. Mume wangu, lete lile fungu ulilonificha nyuma ya mtungi."

Nilipika wakinisimamia wote wawili. Mafuta yalipopata moto niliweka kitunguu, kisha nyanya mpaka zikapondeka. Mashina yakatangulia na chumvi kidogo, kwa sababu ndiyo magumu. Yalipoanza kung'aa nikatia majani, nikageuza bila kufunika. Bibi aliuliza tena na tena kama nimesahau maji. Majani yalipolegea tu, yakiwa bado ya kijani, nikaepua.

Tukala. Mashina yalilia mdomoni, na bibi aliyahamishia upande wenye magego.

"Wabeja," alisema jirani, yaani asante kwa kwao.

"Chumvi imezidi," alisema bibi. Kisha akachukua tonge la mwisho, akalizungusha kwenye sahani mpaka ikang'aa, akaifunika kwa kiganja.

Niliendelea kukiangalia kile kiganja.

"Unaangalia nini?"

"Sahani, bibi."

Aligeuka kutazama tuta. "Matembele nitayapanda kule kwenye migomba. Huku jua ni kali mno."

Jirani alipoaga, bibi aliingia kwenye tuta langu bila kuniuliza, akakata chainizi la wastani, akalivunja shina kusikiliza, akampa. Alimsindikiza mpaka njiani, na nilimsikia akimwelekeza kwa sauti ileile anayotumia kwenye masufuria ya harusi.

"Anza na mashina. Maji usitie. Na usije ukatwanga, watu wengi wanaharibu hapo."