Bajaji Iliyolala Bandani

Thippeswamy hakuwahi kugonga hata kuku. Kwa miaka yote aliyosomba maziwa ya kijiji chetu kuyapeleka mjini Chitradurga, watu walimtania kwamba bajaji yake ya mizigo inatembea kama bibi harusi. Leseni yake ilipoisha muda, hakufanya kama wengine, wanaoendesha huku wakichungulia polisi. Aliiingiza bajaji bandani, akaifunika turubai, akawa anabeba makopo ya maziwa kwa baiskeli mpaka atakapopata leseni mpya. Kijiji kizima kilimwona akitota jasho kwenye mlima.

Ni katika majuma hayo ndipo lori moja lilipomgonga jirani yake, Mallesh, kwenye barabara kuu, likatokomea. Mallesh alikufa palepale. Aliacha mjane, Gangavva, watoto wadogo, na mama yake mzee, Bi Kenchamma.

Maiti haijatoka hospitali, Nagendrappa alikuwa amekwisha kufika. Huyu ni kishoka: uwakili hana, lakini hushinda kwenye benchi la nje ya chumba cha maiti akiwanunulia wafiwa chai. Kabla matanga hayajaanuliwa, alikuja barazani kwa Thippeswamy akiwa na Gangavva.

"Kaka Thippe, lori limekimbia. Kwa gari lisilojulikana, serikali itampa huyu dada kifuta machozi cha kununulia ng'ombe. Gari likijulikana, na lina bima, kampuni italipa mpaka watoto wamalize shule. Bajaji yako ina bima?"

"Bima inayo, ila yenyewe imelala bandani."

"Basi tuiamshe."

Thippeswamy alicheka, akidhani anataniwa. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Unataka niseme nimemuua Mallesh?"

"Useme ilikuwa bahati mbaya. Utakiri, hakimu atakupiga faini, nitailipa mimi. Watu wanafanya hivi kila siku, usijifanye mtakatifu."

"Na leseni? Si imeisha?"

"Nani atauliza? Wewe kazi yako ni kuinamisha kichwa tu."

Mkewe, Honnamma, alimwita jikoni, mikono ingali na unga wa ulezi. "Mume wangu, yule mtu anacheka bila macho. Mimi nisingemwazima hata kamba ya ndoo, wewe unataka kumwazima jina lako?"

Lakini Gangavva alikuwa amekaa sakafuni, mikono yake imevuliwa bangili, kama ada ya wajane. Mwaka ule Thippeswamy alipovunjika mguu, Mallesh ndiye aliyemlimia shamba lote na kukataa hata kikombe cha chai. Thippeswamy alirudi barazani akakubali.

Lawama zote zisimwangukie Thippeswamy. Sheria inayompima mjane kwa kuangalia kama muuaji wa mumewe alisimama au alikimbia ndiyo inayowalea akina Nagendrappa, nao hunenepa chini ya pua za wanaolipwa kuwazuia. Siku chache baadaye polisi aliyeletwa na Nagendrappa alikuja bandani, akafunua turubai, akaokota jiwe, akalibonyeza bati la mbele la bajaji kwa mapigo mazito. Kisha akalipiga picha. Honnamma aliingia ndani akafunga mlango.

Sisi majirani tulijua, tukanyamaza. Bi Kenchamma peke yake hakuambiwa, asije akaropoka mbele ya wapelelezi wa bima.

Thippeswamy alikiri, akatozwa faini, na kwa muda ilionekana yamekwisha. Kisha akaitwa kwenye baraza la fidia za ajali. Wakili wa bima alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa.

"Mzee, siku ile ulikuwa na leseni hai?"

"Ilikuwa imeisha."

"Na bado uliendesha?"

Nagendrappa alikohoa kutoka benchi la nyuma. Jaji akainua kichwa. "Fikiri kabla hujajibu, mzee. Kama uliendesha bila leseni, kampuni itamlipa mjane, kisha itakudai wewe yote, mpaka rupia ya mwisho."

Ukweli ulikuwa mfupi: bajaji ilikuwa bandani, chini ya turubai, kwa sababu mwenyewe alikuwa anaiheshimu sheria. Akiusema, Gangavva angetoka pale mikono mitupu, na huenda wote wawili wangelala jela kwa udanganyifu. Alimtazama. Gangavva alikuwa ameshika ncha ya sari yake kwa meno.

"Niliendesha," alisema.

Gangavva alilipwa, Nagendrappa akamega pande lake palepale nje ya mahakama. Tangu siku hiyo mjane akawa anapita njia ya nyuma. Kishoka alikuwa amemwonya kwamba akionekana akizungumza na Thippeswamy, bima itanusa.

Baada ya mavuno alikuja tarishi wa mahakama na mpiga ngoma, kama desturi ya kukamata ardhi inavyotaka. Bajaji ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kwa deni la bima. Sasa ilikuwa zamu ya shamba la ulezi. Ngoma ilipigwa mpakani, kijiji kikakusanyika, na tarishi akatangaza kwa sauti kuu: ardhi ya Thippeswamy, aliyemgonga na kumuua Mallesh.

Bi Kenchamma alipenya katikati yetu, akiegemea fimbo yake.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Na maziwa uliniletea kila asubuhi."

Thippeswamy alifungua mdomo. Alimtazama Gangavva, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja wetu aliangalia chini. Akaufunga mdomo, na ngoma ikaanza tena.