Mteremko Alikolazwa Chuen

Asubuhi Sit Hoi alipowaona Wazungu wakipandisha mabomba ya chuma kwenye mteremko wa juu ya mto, aliliachia karai lake la kuoshea dhahabu likaenda na maji. Mteremko ule haukuwa na kitu ila nyasi kavu na kaburi la kaka yake, Chuen.

Walikuwa wametoka pamoja Kwangtung, katika nchi ya Wachina. Mama yao aliwasindikiza mpaka gatini, akamvuta Hoi pembeni. "Mmoja akifia huko, mwingine amrudishe. Sitaki mwanangu alale ugenini bila mtu wa kumchomea ubani." Hivyo ndivyo walivyofanya watu wao wote waliokuja kutafuta dhahabu huku Otago, ng'ambo ya bahari. Maiti ilizikwa kwanza, ardhi ikaachiwa miaka imalize kazi yake. Nyama ikishaisha, chama cha watu wa kwao kilifukua mifupa, kikaisafisha, kikaianika juani, kikaifunga kwa kitambaa cheupe na kuipandisha meli.

Chuen aliangukiwa na ukuta wa shimo la dhahabu, akafa. Mji ulikuwa na makaburi yake, na Wachina walitengewa kona ya chini, kwenye tope. Hoi alikataa. "Nimtupe kaka yangu kwenye maji kama kiatu kibovu? Mifupa yake itoke myeusi?" Akatafuta mahali mwenyewe: mlima nyuma ya kichwa, mto mbele ya macho, vilima viwili vimekumbatia kushoto na kulia. Kwao hata tajiri hapati mahali kama pale.

Alipochimba kaburi, koleo lilipanda na chembe za dhahabu. Aliziona vizuri. Mwingine angekimbilia ofisini kuandikisha kitalu cha kuchimbia, na ardhi ile ingekuwa yake kwa sheria. Hoi aliona haya. Mtu anazika au anachimba dhahabu? Akaurudisha udongo, akakanyaga, wala hakumwambia mtu.

Sasa Wazungu walikuwa wameiona dhahabu wenyewe.

Alimkuta mwenye kitalu, Mskoti mrefu aitwaye Baine, akikaza bomba kwa spana.

"Bwana Baine, pale amelala kaka yangu."

"Nimeona mawe. Mfukue basi, Jon." Kwa Wazungu wa machimbo kila Mchina alikuwa Jon. "Jumatatu nafungulia maji, yaporomoshe mteremko wote."

"Bado hajawa tayari."

Baine akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Amekufa, amezikwa, na bado hajawa tayari! Anasubiri nini, chai?"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Hoi naye akatabasamu, kwa sababu mtu wa kwao akiwa hana la kufanya mbele ya wenye nguvu, uso hutabasamu wenyewe. Wazungu walidhani amefurahi.

"Ardhi ya hapa ni ya baridi, bwana. Inakwenda polepole. Nipe majira mawili tu ya joto."

"Sikuja huku kungoja maiti, Jon. Mpaka Jumatatu."

Akaenda kwa hakimu wa machimbo. Hakimu alimsikiliza kwa upole, kalamu mkononi.

"Kaburi huwa makaburini," alisema. "Kile ulichochimba wewe ni shimo. Ungekuwa na kitalu pale, ningemzuia Baine leo hii. Unacho?"

"Sina, bwana mkubwa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Ndiyo sheria hiyo. Hoi aliposhuka melini ilimwona vizuri, ikamtoza kodi ya kuwa Mchina. Leo alipotaka kaka yake alale kwa amani, macho ya sheria yaliingia ukungu. Ilikuwa tayari kulinda shimo la dhahabu, lakini maiti haikumtambua.

Jioni alikwenda dukani kwa Gau, mchinjaji wa nguruwe aliyekuwa pia mjumbe wa chama. Wenzao walikuwa wanakula wali na samaki wa chumvi. Hoi alipowaeleza, pamoja na habari ya zile chembe za dhahabu, Gau alibwaga kisu.

"Uliiona dhahabu ukaifukia? Hoi, wewe ni mjinga wa kutengenezwa au wa kuzaliwa?"

"Wewe ungemfanya kaka yako kitalu, Mzee Gau?"

Gau akakiokota kisu chake. Kila mmoja pale alijua kuwa naye angeurudisha ule udongo.

"Nisaidieni tumhamishe na jeneza lake," Hoi alisema. "Hata kwenye lile tope. Peke yangu siwezi."

Wakatazama mabakuli yao. Kumgusa maiti ambaye ardhi haijammaliza ni kumwamsha, na anayeamshwa hivyo huifuata nyumba ya aliyemgusa.

"Nina watoto nyumbani, mdogo wangu," alisema mmoja, karibu kulia. "Niombe kingine chochote."

Jumapili, Wazungu wakiwa kanisani, Hoi alipanda peke yake. Alichimba mpaka akafika kwenye mbao. Zilikuwa mbao za masanduku ya chai, zimelainika kama mkate uliolowa, na alipojaribu kuinua upande mmoja zilikatika mkononi. Chuen alikuwa mle ndani, bado ana uso. Baridi ilikuwa imemtunza. Msuko wake wa nywele ulikuwa begani, vilevile Hoi alivyouweka.

"Kaka," alisema, "inuka mwenyewe basi. Mimi nimeshindwa."

Akakaa pale mpaka kengele ya kanisa ilipolia. Kisha akamfunika.

Jumatatu Baine alivua kofia, akaiweka kifuani kidogo, akairudisha kichwani. "Fungulia!" Maji yakatoka kwa kishindo, yakaula mteremko kuanzia chini. Nyasi, mawe na udongo vilimeng'enyuka vikaporomoka kwenye mfereji wa mbao, na mwisho wa mfereji ukamwaga kila kitu mtoni. Hoi alikuwa amesimama pale na chekecheo lake. Hakuna aliyemfukuza. Marudio, yaani mchanga ambao Wazungu wamekwisha kuuosha, waliachiwa Wachina siku zote.

Alisimama majini siku ile na siku zilizofuata. Gau alishuka na kitambaa cheupe, akakitandaza ukingoni, na kila kipande cha Chuen alichokitoa Hoi majini alikipokea kwa mikono yake miwili, ingawa na yeye alikuwa na watoto. Alivipanga kama inavyopaswa, kuanzia vidole vya miguu kwenda juu. Vilifika kiunoni, vikaishia hapo. Changarawe iliendelea kumwagika, ikalifunika bonde lote.

"Toka majini, Hoi. Miguu imekuwa ya bluu."

"Meli itamchukua hivi?"

Gau alipangusa changarawe kwenye kile kitambaa. "Chama hakisafirishi nusu mtu. Mama yako atafungua sanduku, ataona nini?"

"Nikirudi peke yangu, ataona nini?"

Gau akamnyooshea mkono wa kumtoa majini.

"Basi siendi," alisema Hoi. "Atakayemchomea ubani hapa ni mimi."

Akainama tena. Huko juu Baine alikuwa anapiga kelele wenzake wageuze bomba, kwani upande wa kushoto dhahabu ilikuwa nyingi zaidi.